Kocha Aliyelala Ulingoni

Haya ninayoandika hakuna atakayeyaamini, na sitamlaumu mtu. Hata mie niliyekuwepo, nikikaa peke yangu nikayakumbuka, kuna pahala najiambia: aa, hapo sasa umezidisha. Lakini yalitokea, Temeke hii hii, Jumapili alasiri, mchana kweupe, mbele ya watu elfu kumi. Haya basi, mia nne. Ule ukumbi ulikuwa ghala la korosho, elfu kumi wangekaa wapi? Ila kelele zilikuwa za elfu kumi, na hilo sipunguzi.

Yanamhusu Mwishehe, mtoto wa dada yangu. Mwishehe alizaliwa Mbagala, Mzaramo kwa baba na kwa mama, na alipozaliwa mkunga ilibidi aite mwenzake wasaidiane kumnyanyua. Ukibisha kamuulize mkunga mwenyewe, kama utampata, maana marehemu hajibu maswali.

Mwaka themanini na saba, neno ruksa lilipokuwa midomoni mwa kila mtu na nguo za mitumba zikaanza kushuka bandarini kwa marobota, Mwishehe alipata kazi ya kupakua malori. Robota la mitumba ni kitu kizito, na zaidi ya uzito halina pa kushika. Mkono hauna msaada hapo. Unalikumbatia kama ndugu uliyepoteana naye, unaingiza nyonga chini yake, unajipinda, na likishakubali lenyewe ndiyo unalipeleka unakotaka, ama mgongoni ama chini. Mwishehe alikumbatia marobota miaka minne. Asubuhi alikuwa nayo, mchana alikuwa nayo, na Chausiku, mkewe, alikuwa akisema hata usingizini mume wake anapakua lori na robota ni yeye.

Jioni alienda kwenye klabu ya ngumi. Ngumi alizijua, lakini mtu akimsogelea sana, mikono yake ilikuwa ikisahau iko wapi. Ilimkumbatia, nyonga ikaingia, na bondia wa watu akajikuta anaangalia dari. Wakamwambia, "Braza, hapa ngumi tu. Mambo ya kubwagana peleka kwenye karate."

Akaenda kwenye karate. Mwalimu alikuwa Gaudens, karani Mhaya aliyekuwa akifundisha Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, sare yake nyeupe imepigwa pasi mpaka mistari inakata. Gaudens alimvumilia wiki tatu. Ya nne akamuita pembeni.

"Bwana Mwishehe, karate ni heshima. Wewe mtu akija kwako unampokea kama mgeni wa stendi."

"Mwalimu, si ameanguka lakini?"

"Ameanguka. Ila hakuanguka kikarate."

Basi huyo ndiye Mwishehe wa miaka ile. Watu wa ngumi walimwita mtu wa karate, watu wa karate walimwita mtu wa ngumi, na kila mashindano yaliyotangazwa hayakuwa yake. Alikuwa na nguvu za kuangusha ukuta na hakuna aliyekuwa na ukuta wa kumpa.

Aliyempa ni Mfaume. Mfaume alikuwa na banda la video Mtoni, na alikuwa na pua ya kujua watu wanataka nini kabla hawajakijua wenyewe. Akaona vijana wanavyotoka kwenye kanda za mapigano wakirushiana mateke barabarani, akasema kumbe hawa watalipa pia kuona ya kweli. Akakodi ghala la korosho, akapigilia mbao, akatandika turubai la lori juu ya magunia ya makapi, akafunga kamba za katani pembe nne. Akaita mpambano wa mseto: ngumi ruksa, teke ruksa, kukumbatia ruksa, kubwaga ruksa. Kuuma hapana.

Mwishehe aliposoma lile tangazo ukutani alilisoma mara mbili, halafu akamtafuta mtu mwingine amsomee ili ahakikishe. Ilikuwa kama mtu amekaa akaandika kazi yake mwenyewe.

Alipigana kuanzia tisini na moja hadi tisini na tano. Mapambano ishirini na mawili. Kumi na nane alishinda, mawili alidhulumiwa, moja alikuwa na malaria, na la mwisho nitalifikia. Temeke nzima walimwita Robota. Chausiku hakwenda kuangalia hata siku moja. Aliuza vitumbua vyake, na siku ya pambano aliweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi mlangoni, akakaa kwenye kigoda. Mwishehe akitokea alimuuliza neno moja tu: "Mzima?" Akijibu mzima, anaanza kumkanda huku anamsimanga. Mume wangu angekuwa bondia wa redioni, alisema, ningekuwa na amani. Halafu anambusu kwenye uvimbe.

Siku ya mwisho Mwishehe hakujibu mzima.

Ilikuwa Kinondoni, na mpinzani alikuwa Erasmus, fundi mwashi wa Msasani, mtu wa mikono kama koleo. Raundi ya pili Erasmus alimpata jicho la kushoto kwa kiwiko, halafu akalipata tena, halafu akawa analipata kila anapotaka. Kocha wa Mwishehe wa wakati huo alikuwa na taulo. Kazi ya taulo kila mtu anaijua: kocha akiona mtu wake anaumia, analirusha ulingoni na mchezo unakwisha. Lakini yule bwana alikuwa anapenda watu. Ukumbi ulikuwa unaimba, na yeye alikuwa analizungusha lile taulo juu ya kichwa akiwaongoza kuimba. Mwishehe alilitazama kwa jicho moja likizunguka, likizunguka, na alikuja kuniambia baadaye kwamba hajawahi kuona kitu kilicho karibu hivyo na kilicho mbali hivyo.

Usiku uleule Chausiku alimkanda bila kumsimanga. Alipomaliza aliuliza, "Hivi lile taulo lilikuwa la kufutia jasho la nani?"

Jicho la kushoto halikurudi. Likabaki linaona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni. Mwanga upo, sura hakuna. Robota akastaafu akiwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwingine angeingia kwenye pombe. Mwishehe aliingia kwenye yadi. Nyuma ya nyumba yake Mbagala alifagia uwanja, akaomba sokoni zile nguo za mitumba ambazo hata anayepewa bure anazikataa, akazijaza kwenye magunia, akayaning'iniza kwenye boriti. Akaanza kufundisha. Na cha kwanza alichofundisha, mwezi mzima wa kwanza, hakikuwa ngumi wala teke. Alifundisha kusalimu amri: kupiga turubai kwa kiganja, mara tatu, kwa nguvu, refa asikie. Wanafunzi sita walikimbia kwa aibu. Wakabaki wanne, na mmoja wao ndiye aliyetuletea habari hii yote.

Huyo ni Marselino. Alikuja mwaka tisini na sita akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji, kijana wa miaka ishirini na miwili, kifua kipana kama mlango wa ghala. Akausimamisha mkokoteni, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mnyamwezi. Tabora."

Mwishehe akamtazama kutoka utosini mpaka kwenye kucha. Kwa jicho lile moja. Akakunja uso.

"Mzigo wa babu yangu uko wapi?"

"Mzigo upi, mwalimu?"

"Ule babu yako aliobebeshwa Tabora aulete pwani. Mpaka leo tunausubiri."

Marselino hakupepesa. "Ulifika. Tukamkuta babu yako amelala saa nne asubuhi, tukamuonea huruma, tukarudi nao."

Mwishehe alicheka mpaka akashika gunia. Mnajua wenyewe, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani anakutukana wewe, ukoo wako na pua yako, na wewe hukasiriki. Ukikasirika ni wewe uliyekosa adabu. Basi shikamoo ikafia palepale. Tangu siku ile waliitana Mpagazi na Mvivu, kutwa, mpaka majirani wapya walidhani kuna ugomvi wa kiwanja.

"Mpagazi, unapiga teke kama unafukuza kuku!"

"Nafukuza usingizi wako, Mvivu!"

"Piga turubai! Ukibanwa shingo, piga turubai!"

"Mie nimekuja kujifunza kushinda, Mzaramo, wewe unanifundisha kuomba radhi."

"Ukiomba radhi leo, kesho unarudi kunisumbua. Piga!"

Hakuwa anapenda kupiga turubai, huyo kijana. Alipiga mazoezini ili kumridhisha mwalimu, kwa vidole viwili, kama mtu anayegonga mlango wa mkwe. Mwishehe aliliona hilo. Alimwambia Chausiku: huyu ana kila kitu nilichokuwa nacho mie, na ndicho kinachonikosesha usingizi. Hawakuwa na mtoto, Mwishehe na Chausiku. Hilo nalitaja mara moja tu, na Marselino alikuwa anakula kwao mara saba kwa wiki.

Tisini na saba Mfaume akabandika tangazo kuanzia Mtoni mpaka Rangi Tatu. Mpambano mkubwa wa mseto, zawadi ya mshindi televisheni ya rangi kutoka Dubai, na chini kwa herufi nyekundu: HAKUNA TAULO. Watu walikuwa wamechoka, alisema, kuangalia makocha waoga wanawakatia utamu. Safari hii mpigaji asimame mwenyewe au apige turubai mwenyewe. Kocha hana kauli.

Mwishehe alimfuata bandani kwake.

"Mfaume, kocha akiona imetosha, afanye nini?"

"Akiona imetosha, afumbe macho."

"Mie nina moja tu."

"Basi kazi yako rahisi."

Akarudi akamwambia Marselino asiende. Marselino akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pole pole, bila tusi hata moja: "Wewe ulipigana mpaka ukamaliza. Mie unataka nimalize kabla sijaanza?" Hata Mwishehe angesema hivyohivyo. Akachukua ndoo na chupa ya maji, akaenda naye.

Ndiyo Jumapili yenyewe hiyo. Watu mia nne, joto la kuivisha mkate, na harufu ya korosho bado imo ukutani. Mpinzani alikuwa Projestus wa Kinondoni, Mhaya mrefu, mwenye adabu, aliyetusalimia kona yetu kabla ya kuanza. Refa alikuwa Revelian, mwalimu wa michezo, mtu anayeheshimu maandishi. Karatasi ya sheria alikuwa ameikunja mfukoni mwa shati.

Raundi ya kwanza Marselino alimbeba Projestus kama robota, nyonga ikaingia, akambwaga mpaka makapi yakavuka kamba. Mwishehe aliruka. Nani asingeruka? Raundi ya pili ikaenda sawa kwa sawa. Ya tatu, Projestus akarudisha kiwiko.

Jicho la kushoto.

Mwishehe alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyekumbuka kitu. Projestus akalipata tena. Lilikuwa limekwishafunga, jeusi, na chini yake pamepasuka. Marselino alikuwa anageuza kichwa chote kumtafuta mtu aliye mbele yake, na Mwishehe aliujua ule mgeuzo wa kichwa. Anao yeye, kila siku, akivuka barabara.

"Piga turubai!" alipiga kelele. "Marselino! Piga!"

"Bado!"

"Refa! Haoni huyo!"

Revelian akagusa mfuko wake wa shati. "Karatasi inasema asalimu mwenyewe."

"Piga, mwanangu!"

"Bado!"

Hakuwahi kumwita mwanangu. Sidhani hata alijisikia akilisema.

Sasa hapa ndipo hamtaniamini. Mwishehe alipita chini ya kamba. Hakumgusa Projestus, hakumgusa refa. Alitembea mpaka katikati ya ulingo, kati ya wale wawili, akajilaza chali kwenye turubai, miguu akainyoosha, mikono akaikunja kifuani kama maiti. Akafumba macho. Akasema kwa sauti ya mnada:

"Huyu Mnyamwezi ni mpagazi wangu! Mzigo wangu hajaufikisha! Hamumuui mpaka aufikishe!"

Halafu mama mmoja kwenye benchi la nyuma akapiga kigelegele. "Mtani huyo! Mtani kaingia!" Na hapo ghala zima likapasuka kwa kicheko, maana kila mtu alikuwa ameyaona hayo mazishini. Mtani akilala njiani, jeneza halipiti. Akiingia kaburini, hakuna anayezika. Humvuti, humtukani kwa hasira, huiti polisi. Unampa anachotaka, ndipo anatoka. Ni hivyo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuona likifanyika ulingoni, lakini hakuna pia aliyekuwa na haja ya kuelezwa.

Isipokuwa Projestus, maskini, ambaye utani ule haukuwa wa kwao. Aliinama, akamwangalia Mwishehe usoni kwa wasiwasi. "Samahani, refa. Huyu mzee amefariki?"

Revelian alitoa karatasi, akaisoma mbele, akaisoma nyuma. Taulo lilikuwamo. Mtani hakuwamo.

Mfaume akaja mbio kifua mbele. "Mwishehe! Toka hapo! Unaniharibia!" Na yeye ni mtu wa pwani hiyohiyo, alijua anachofanya, ndiyo maana hakuthubutu kumshika hata kidole. Watu wakamzomea. "Mpe anachotaka! Utani hauvunjwi!"

"Haya, unataka nini?"

Mwishehe, macho bado kayafumba: "Nataka mzigo wangu."

"Mzigo gani?"

Akanyoosha kidole juu, bila kuangalia, na kidole kikamwelekea Marselino. "Huo hapo."

"Mpe! Mpe! Mpe!" Mia nne hao, wanapiga miguu. Mfaume alizitazama mbao zake za ukutani zinavyocheza, akainua mikono. Kengele ikapigwa. Televisheni ikaenda Kinondoni.

Marselino alisimama pale damu inamtiririka, hasira imemjaa mpaka kooni, na hakuwa na pa kuitoa, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Alihema. Alihema tena. Halafu akaanguka juu ya kocha wake, na Mwishehe akamkumbatia kama anavyojua yeye kukumbatia, akaingiza nyonga, akasimama naye mgongoni.

Hospitali daktari aliangalia lile jicho kwa tochi muda mrefu. Akasema litafungwa siku kumi, asiiname, asibebe, na baada ya hapo tutajua kama kuna jicho au hakuna. Akauliza nani aliyesimamisha mchezo. Mwishehe akasema, mie. Daktari akasema, ngumi moja zaidi tusingekuwa na cha kufunga.

Mngedhani hapo mambo yameisha. Ndiyo kwanza yalianza. Kesho yake Mwishehe alikwenda chumbani kwa Marselino, Mtoni, na chupa ya uji aliotengeneza Chausiku. Marselino amelala chali, kitambaa cheupe jichoni.

"We Mpagazi, umelala mpaka saa hizi? Umeambukizwa na nani?"

Marselino akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwishehe akabaki na chupa mkononi.

"Asante kwa uji, mwalimu. Msalimie mama."

Siku ya pili, shikamoo mwalimu. Ya tatu, shikamoo mwalimu, karibu kiti. Tusi moja tu lingetosha! Alijaribu kila kitu. Aliwatukana Wanyamwezi wote wa Tabora mjini na wa vijijini, akatukana asali yao. Yule kijana alijibu ndiyo mwalimu, sawa mwalimu, kwa adabu ambayo ingemfurahisha shehe yeyote, na kila shikamoo ilikuwa inamwingia Mwishehe kama kile kiwiko cha Kinondoni. Usiku alikuwa anamwambia Chausiku, afadhali jicho lipone kisha anichukie. Anichukie tu, lakini aone. Chausiku akajibu, "Uji peleka."

Akapeleka uji siku zote tisa.

Siku ya kumi tulikwenda hospitali watatu, wao na mie. Muuguzi aliitwa sista Jovina. Alimkalisha Marselino kwenye stuli, akafungua kitambaa taratibu, akapangusa, akamwambia azibe jicho la kulia kwa kiganja aseme anaona nini. Mwishehe alikuwa amesimama ukutani, kofia kaikamata kwa mikono yote miwili.

"Naona mwanga," alisema Marselino.

Mwanga tu. Mwishehe aliijua hiyo mwanga tu. Niliona kofia inakunjwa.

"Naona dirisha," akasema Marselino. "Naona kalenda. Ina picha ya... twiga. Mwezi wa nane." Akageuza uso pole pole, kichwa hakikuhangaika, jicho ndilo lililotembea, chumba kizima, mpaka likamfikia Mwishehe pale ukutani. Likasimama. Midomo ya yule kijana ikaanza kucheza.

"Sista," akasema, "nifunge tena. Kuna Mzaramo humu, sura yake mbaya hivyo hakuna aliyeniambia."

Na Mwishehe je? Sikilizeni, nyie. Mtoto wa dada yangu alisimama wima kama nguzo ya umeme. Hakutikisika. Macho makavu, ukope haukulowa, akakohoa kidume mara moja, akajibu kwa sauti nzito, sauti iliyosikika mpaka wodi ya wazazi, akasema, Mpagazi, inuka hapo twende kaz—

"Mjomba, hebu lete hilo daftari nimalizie mwenyewe. Nilisema nini? Sikusema kitu. Nililia mpaka sista akaniletea kiti."